Sura ya Saba: Vituo Kumi na Kimoja

Kitu cha kwanza Inspekta alichokiona ni viatu. Mzee alikuwa amevivaa bila kamba, maana kamba huachwa kaunta pamoja na mkanda, na suruali aliishikilia kwa mkono wa kushoto isije ikamwaibisha. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Nusu ya askari wa kituo kile walipita mikononi mwake, akiwemo huyu aliyefungua mlango wa mahabusu asubuhi hii na ambaye mpaka sasa alikuwa anauangalia ukuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilitoka kwa kukwaruza, nusu yake hewa tupu. "Karibu ukae. Kiti chenyewe ni kimoja."

"Kaa wewe. Mimi kusimama nimezoea."

Inspekta alitoa daftari na rula. Kwa rula hiyo ya mbao, iliyomegeka pembe moja, askari walimwita Mama Rula akiwa hayupo, na akiwepo walimwita afande. Alikuwa hasomi orodha yoyote bila kuiweka chini ya mstari anaousoma. Walimcheka, naye aliwaacha wacheke.

Kesi yenyewe ilielezeka kwa pumzi moja. Uchaguzi wa wabunge ulikuwa umefanyika siku tatu zilizopita. Viti ni mia moja hamsini na kimoja, na chama kinachotaka kuunda serikali peke yake lazima kipate sabini na sita. Chama cha Mwavuli kilipata sabini na sita barabara, bila hata kimoja cha akiba. Kiti kimojawapo kilitoka katika jimbo hili, ambalo msimamizi wake wa uchaguzi alikuwa Mwalimu, na aliyetangazwa kushinda alikuwa mpwa wa Mwalimu, mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Hapo hata mtu asiyejua upelelezi angekuna kichwa.

Halafu jana wakala wa chama cha Taa, kilichoshika nafasi ya pili, akaleta nakala za fomu za vituo vyote sitini na vinne vya kupigia kura. Katika vituo kumi na kimoja, orodha ya mwisho ilikuwa imewapa Mwavuli kura za Taa, na Taa kura za Mwavuli. Sahihi chini ya orodha ilikuwa ya Mwalimu. Kamanda alimtia ndani jioni hiyo hiyo, akampa Inspekta hadi saa kumi alasiri ya leo. Baada ya hapo ni mahakamani, kwa kosa la kugeuza matokeo, kifungo miaka kumi na minne. Mwalimu alikuwa na miaka sabini na mmoja. Jumla yake haikuhitaji ubao.

"Orodha hii umeijumlisha wewe?"

"Mara tatu. Mara ya tatu nilianzia chini kwenda juu. Jicho likishazoea njia huwa linasinzia."

"Na fomu ukumbini alizisoma nani?"

"Mimi. Zote sitini na nne, kwa sauti hii unayoisikia. Ndiyo iliyobaki."

"Karani akiandika."

"Karani akiandika."

"Muda wote yeye huyo huyo?"

Mzee aliangalia viatu vyake. "Muda wote. Hakutoka mtu."

Inspekta aliandika jibu hilo, akapiga mstari chini yake kwa rula. Maswali yote mengine Mwalimu alikuwa ameyajibu akimtazama usoni. Hili peke yake alivijibu viatu.

"Mpwa wako alifika ukumbini?"

"Nilimwambia akitia mguu nitamtoa mbele za watu kama nilivyokuwa nikimtoa darasani. Nilipojua anagombea niliomba nipumzishwe kazi hii, nikaambiwa hakuna mwingine. Barua ipo. Tangu hapo dada yangu kaninunia, miezi mitatu sasa. Anasema kaka gani anamkimbia mtoto wake siku ya shughuli." Kisha akauliza taratibu, "Mwanangu, nimekosea wapi? Maana hesabu zinakubali."

"Zinakubali, Mwalimu. Taabu iko hapo hapo."

Alitoka akiwa na huzuni, na kwa kuwa huzuni haikuwa kielelezo, aliiacha mlangoni akaenda zake ukumbini.

Ukumbi wa majumuisho ulikuwa na meza ndefu, viti vya plastiki, na ukuta mmoja uliofunikwa na ubao mweupe wa matokeo ya nchi nzima. Dada mmoja mnene, mwenye miwani, alikuwa amesimama juu ya stuli akiupitia kwa kalamu ya wino mzito. Inspekta aliusoma akipita. Kanda ya Mashariki: Taa 29, Mwavuli 11, Nyuki 0. Kusini: Taa 8, Mwavuli 26, Nyuki 4. Magharibi: Taa 17, Mwavuli 22, Nyuki 3. Kaskazini, yaani hapa kwao: Taa 14, Mwavuli 17, Nyuki 0. Kuna kitu kwenye ubao ule kilimkera, lakini hakukijua ni nini, na muda ulikuwa unakwenda. Akakaa, akaweka fomu za wakala kushoto, orodha ya Mwalimu kulia, na rula katikati.

Kituo cha 22. Fomu: Mwavuli 241, Taa 330, Nyuki 12. Orodha: Mwavuli 330, Taa 241, Nyuki 12. Kituo cha 31, vile vile. Cha 5, vile vile. Vilikuwa vimetapakaa jimbo zima, kimoja sokoni, kingine milimani, na hilo ndilo lililomshawishi Kamanda kwamba mtu alikaa akachagua. Inspekta aliendelea. Kituo cha 48. Fomu: Mwavuli 298, Taa 260. Orodha: Mwavuli 260, Taa 298.

Rula ilisimama.

Hapo Mwavuli walikuwa wameshinda, na orodha ikawanyang'anya. Alirudia. Akakuta kingine, cha 9, halafu kingine, cha 57. Katika vituo vitatu kati ya kumi na kimoja, mwizi wa Mwavuli alikuwa amewaibia Mwavuli.

"Mwizi gani huyu anajiibia," alisema kwa sauti, na dada wa kwenye stuli akageuka kuona kama anasemeshwa yeye.

Karani wa meza aliitwa. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, na wenzake walimwita Mlingoti. Alikaa kwa ukingo wa kiti.

"Siku ya majumuisho uliondoka hapa mezani?"

"Hapana, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mwalimu si atakuwa amekwambia."

"Ameniambia. Toka saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Hata msalani?"

"Hata msalani."

"Mwenyezi Mungu amekujalia kibofu," alisema Inspekta. "Nisubiri hapo hapo."

Wawili waliosema maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, ni wawili waliokubaliana. Jambo hilo halikumfurahisha. Kama Mwalimu na karani wake walikuwa wamepanga kusema uongo mmoja, basi Kamanda huenda alikuwa sahihi, na rula yote hii ni kupoteza muda. Ilikuwa saa saba. Alitoka nje akaenda getini.

Mlinzi wa geti alikuwa mzee wa jeshini aliyestaafu akakataa kustaafu. Daftari lake liliandika kila kilichopita pale. Siku ya majumuisho ilikuwa na kurasa tisa, na kati ya walioorodheshwa alikuwemo mbwa asiye na mwenyewe: kaingia saa tatu, kafukuzwa saa tatu na robo.

"Na bahasha za fomu umeziandika?"

"Kila bahasha, afande. Kituo, saa, na aliyeileta. Zilikuwa zinakuja moja moja, inapita hapa, inakwenda kwa Mwalimu, inasomwa. Ya nyuma inangoja ya mbele iishe."

"Kwa hiyo ulivyoandika wewe ndivyo zilivyosomwa."

"Kama risasi kwenye mkanda."

Inspekta aliweka rula juu ya daftari akaishusha. Bahasha ya ishirini na mbili kufika ilikuwa ya kituo cha 60, na kituo hicho hakikuwa na kasoro. Ya ishirini na tatu ilikuwa ya kituo cha 22, saa saba kasoro kumi. Kisha cha 48. Cha 5. Cha 31. Cha 9. Alishuka mstari kwa mstari, na vyote vilikuwepo, vimefuatana, kumi na kimoja bila mgeni katikati. Cha mwisho kilifika saa nane kamili. Bahasha iliyofuata haikuwa na kasoro, wala yoyote baada yake.

Mwizi huchagua. Hivi havikuchaguliwa, vilipanga foleni.

Alijikuta anacheka peke yake pale getini, na mlinzi, kwa adabu, akaangalia pembeni.

"Hebu tuone waliotoka," alisema. Haikuwa kazi. Mlingoti, ametoka, saa saba kasoro robo. Mlingoti, amerudi, saa nane na dakika saba.

Alirudi ukumbini akaliweka daftari mbele ya karani, limefunguliwa. Mlingoti alisoma jina lake mara mbili. Mabega yakamshuka.

"Nilikuwa sijatia kitu mdomoni toka jana yake, mama. Mkono ukawa unatetemeka, naandika saba inaonekana moja. Mwalimu akaniona. Akaniambia nenda ukale, utaniharibia fomu. Sheria hairuhusu kuacha meza, yeye anajua. Jana walipokuja kumchukua akaninong'oneza, 'Wewe hukutoka.' Nina watoto wanne. Nikanyamaza." Alipangusa uso. "Sikulala. Mzee wa watu yuko ndani kwa ajili ya sahani yangu."

"Hayuko ndani kwa ajili ya sahani yako. Nani alikaa kwenye kiti chako?"

"Yule dada," alisema Mlingoti, akaonyesha kwa kidevu. "Aliletwa kutusaidia kutoka kanda ya Mashariki. Gari lao linaondoka leo jioni."

Dada wa stuli alikuwa bado anahangaika na ubao. Inspekta aliutazama ubao kwa mara ya pili, na safari hii alikiona kilichomkera. Taa, Mwavuli, Nyuki. Siku ya kura yeye mwenyewe alikunja karatasi yake kituoni, na juu kabisa ya karatasi ile kulikuwa na mwavuli.

 Kubuni ni kitu kimoja, karatasi ni kingine, na karatasi za meza, zile zilizoandikwa kwa mkono, zilikuwa ndani ya sanduku lenye lakiri ambalo haliwezi kufunguliwa bila pande zote mbili kuwepo. Akawapigia simu wote wawili.

Wakala wa Taa alifika kwanza, na mkoba wake na msimamo wake. Mpwa alifika dakika kumi baadaye, ndani ya suti mpya ambayo kila mtu alijua imeshonwa kwa ajili ya kuapishwa. Wakala alitaka kujua nani atakata lakiri. Mpwa aliuliza jambo moja tu.

"Mjomba amekula?"

"Amekula," alisema Inspekta.

Lakiri ilikatwa saa nane na nusu. Karatasi za meza zilikuwa sita, kila moja na mistari kumi na miwili: kumi na mmoja ya vituo na mmoja wa jumla. Vichwa vya safu vilikuwa vimeachwa wazi, viandikwe na karani. Ya kwanza, kwa mwandiko wa Mlingoti uliolala upande: Mwavuli, Taa, Nyuki. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa na mwandiko wa mviringo, msafi, kila kichwa kimepigiwa mstari: Taa, Mwavuli, Nyuki. Katika ya nne ulirudi mwandiko ule uliolala.

"Dada, shuka kidogo," alisema Inspekta. "Mwandiko huu ni wako?"

Dada alirekebisha miwani. "Wangu. Yule kaka alikuwa amemaliza ukurasa, nikaanza mpya. Nilipoujaza akawa amerudi, naye akaanza wake."

"Kwa nini Taa umeiweka mwanzo?"

"Si ndivyo ilivyo kwenye karatasi ya kura?"

"Ya wapi?"

Dada aliisogelea meza. Alitazama karatasi ya pili, halafu ya tatu, halafu ubao wake mwenyewe ukutani. "Ya kwetu," alisema polepole. "Mashariki."

 Kila mtu mezani alijua utaratibu: mpangilio wa vyama kwenye karatasi ya kura hupatikana kwa bahati nasibu, na kila kanda huchezesha ya kwake. Mashariki ilitoka Taa juu. Kaskazini ilitoka Mwavuli juu. Nyuki walikuwa wa mwisho kote kote, ndiyo maana kura zao hazikuguswa.

"Mwalimu alikuwa anasomaje?" Inspekta aliuliza. "Nisomee kama yeye."

"Namba tu, mama. Asubuhi nilimsikia anataja na vyama, lakini nilipokaa mimi sauti ilikuwa imemwishia. Anasema, kituo cha ishirini na mbili. Mia mbili arobaini na moja. Mia tatu thelathini. Kumi na mbili. Basi. Na mimi naandika ya kwanza safu ya kwanza, ya pili safu ya pili." Macho yalianza kumjaa. "Ya kwanza ilikuwa ya Mwavuli, si ndiyo? Nimeiandika kwa Taa. Ukurasa mzima. Mungu wangu, mimi ndiye niliyemfunga yule mzee."

"Hajafungwa mtu," alisema Inspekta. "Kukosea kuna fomu yake, na utaijaza leo kabla gari lako halijaondoka. Kaa, unywe maji."

Wakala wa Taa alikohoa. "Kwa heshima, afande, tutajuaje kwamba hili halikupangwa? Msimamizi ni mjomba wake huyu hapa."

Inspekta alisukuma fomu tatu mbele yake. "Kituo cha 48, cha 9, cha 57. Hapo walishinda wao, na ukurasa huu ukawapa ninyi. Mjomba gani anampangia mtoto wake hasara?"

"Hizo," alisema wakala, "tuliziorodhesha kwa ajili ya ukamilifu tu."

"Nimewashukuru kwa ukamilifu. Bila hizo nisingemaliza leo."

Kisha alijumlisha upya, taratibu, wote wakimwangalia. Katika ukurasa wa tatu, Taa walikuwa wamewazidi Mwavuli kwa kura 309. Zilipotolewa upande mmoja na kurudishwa upande wa pili, Mwavuli wakashuka kutoka 18,437 hadi 18,128. Taa wakapanda kutoka 18,025 hadi 18,334. Alipiga mstari wa mwisho akageuza karatasi ili mpwa aione. Ubunge wake ulikuwa umeondoka, na pamoja nao serikali ya chama chake, maana sasa Mwavuli walikuwa na viti sabini na vitano na itawabidi wakabishe hodi kwa Nyuki.

"Una haki ya kukataa kushuhudia," Inspekta alimwambia. "Ukikataa, karatasi hii itakwenda Tume bila sahihi yako, na kule itabishaniwa siku mbili, tatu. Siku hizo mjomba wako atakuwa mahakamani, maana Kamanda anataka sahihi za pande zote mbili kabla ya saa kumi."

Mpwa alikuwa ameshachukua kalamu kabla sentensi haijaisha. Alisaini, akaweka tarehe na saa, kisha akapumua kwa nguvu, akalegeza tai.

"Usiku kucha simu zinaingia, mheshimiwa, mheshimiwa," alisema. "Na mimi nawaza, huyu mzee kaniibia kura kweli? Kwa ajili yangu? Nilikuwa naogopa nikija nitaambiwa ndiyo." Alicheka, na kicheko kilikuwa na machozi ndani yake. "Afadhali nimeshindwa. Huwezi kujua nilivyofurahi kushindwa."

Kamanda alisomewa matokeo kwa simu saa tisa na dakika arobaini. 

"Mama Rula, una uhakika?" aliuliza, akajisahau kwamba jina hilo halitumiki mbele ya mwenyewe.

"Nina karatasi, afande. Na nina sahihi mbili."

"Basi mtoe. Ukweli ni kwamba mimi pia nimepumua. Alinifundisha kugawanya yule mzee."

Kwenye kaunta ya kituo, mpwa alikuwa amesimama na mkanda wa mjomba wake mkononi, na kamba mbili za viatu amezizungusha kidoleni. Mwalimu alitoka akiwa bado ameshika suruali. Walitazamana. Miezi mitatu ni mingi kwa watu waliozoea kuonana kila siku. Aliyeanza ni mzee.

"Umeshindwa kwa ngapi?"

"Mia mbili na sita, mjomba."

"Kajumlisha nani?"

"Inspekta."

Mwalimu alinyoosha mkono wa kulia. "Nipe hiyo karatasi."

Askari wa zamu alikuwa na fomu ya kuachiliwa ya kusainiwa, lakini hakuthubutu kumkatiza. Mzee aliinama juu ya kaunta, akaanza kuhesabu kutoka chini kwenda juu, midomo ikicheza bila sauti. Mpwa alipita nyuma yake akaanza kumpitishia mkanda kiunoni, tundu kwa tundu, mpaka akafika mbele akaufunga. Ndipo mkono wa kushoto wa Mwalimu ulipoachia suruali. Kisha mpwa akapiga goti ndani ya suti yake mpya, akaanza kumfunga viatu.

"Zinakubali," alisema Mwalimu. Alimrudishia Inspekta karatasi. 

"Mwambie mama yako," alimwambia mpwa wake, kwa ile nusu ya sauti, "leo nakuja kula kwake."

Mpwa alikuwa bado na kiatu cha pili mkononi. "Ameshapika, mjomba. Toka asubuhi."